Albrecht, Mtawa Aliyevua Joho Akavaa Utemi: Mambo Kumi, Kuanzia la Mwisho

Kwanza tumtambulishe bwana mwenyewe. Albrecht wa Brandenburg-Ansbach alizaliwa mwaka 1490, akawa Mkuu wa Shirika la Wateutoni mwaka 1511, na mwaka 1525 akawa mtemi wa Prussia mwenye haki ya kuoa, kuzaa na kurithisha nchi. Shirika hilo lilikuwa la watawa wenye panga. Lilianzia Akka, pwani ya Palestina, mwaka 1190, kama hospitali ya majeruhi wa Vita vya Msalaba. Baadaye lilihamia pwani ya Baltiki, na kuanzia 1230 hivi lilitumia nusu karne kuwatiisha Waprusi kwa upanga na ubatizo. Kila ndugu alivaa joho jeupe lenye msalaba mweusi na kuweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Albrecht aliziweka zote tatu, na zote tatu zilimshinda.

Nimeyapanga mambo kumi ya maisha yake kwa uzito ninaoyapa mimi, jepesi kwanza, zito mwisho. Mwenye mpangilio wake aulete tubishane.

10. Albrecht wawili, babu mmoja

Mwaka ule wa 1490, ukoo wa Hohenzollern ulipata wavulana wawili katika muda wa wiki sita, na wote wakapewa jina la babu yao. Walikuwa watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Albrecht wa baba mkubwa akawa Askofu Mkuu wa Mainz. Cheo hicho kilimtia kwenye deni kubwa kwa mabenki ya akina Fugger, na ili alilipe akaruhusu vyeti vya msamaha wa dhambi viuzwe katika majimbo yake. Vyeti hivyo ndivyo vilivyomchefua Martin Luther, na hoja zake 95 za Oktoba 31, 1517 alimpelekea askofu huyohuyo. Albrecht wa baba mdogo ndiye wetu, mtawala wa kwanza kuifanya nchi yake kuwa ya Kilutheri.

Mmoja alimpa Luther hasira, mwenzake akampa nchi. Harusi za ukoo ule zilihitaji kumbi mbili.

9. Kazi aliyoipata kwa sababu ya mjomba

Nyumbani kwao Ansbach watoto walikuwa wengi na fedha chache. Albrecht alikuwa wa tatu kati ya wavulana, kwa hiyo akaelekezwa kanisani, ambako kijana wa ukoo mkubwa aliweza kupata riziki bila kugombea urithi na kaka zake. Akapewa ukanoni Cologne. Kisha, akiwa na miaka 20 tu, akachaguliwa kuliongoza Shirika zima.

Wazee wa Shirika hawakumchagua kwa ushujaa, maana alikuwa bado hajaonyesha wowote. Walimchagua kwa sababu ya mama yake. Sophia, mama wa Albrecht, alikuwa dada wa Sigismund I, mfalme wa Poland. Tangu mkataba wa Thorn wa mwaka 1466, Shirika lilikuwa limepokonywa Prussia ya magharibi pamoja na ngome yake kuu ya Marienburg, na kila mkuu mpya alitakiwa kwenda kwa mfalme wa Poland kula kiapo cha utii. Wazee wakaambiana: huyu ni mpwa wake, mjomba hatambana.

Wazee hawa hawakuwajua wajomba. Sigismund alikuwa mjomba siku za sikukuu. Siku za kazi alikuwa mfalme, na kiapo chake alikitaka.

8. Adui aliyerudi kama daktari

Albrecht aligoma kuapa. Akasaka fedha na washirika hadi Moscow, na mwishoni mwa 1519 vita vikazuka kati ya mpwa na mjomba. Vita havikutoa mshindi. Vilichoma vijiji, vikakausha hazina ya Shirika, na Aprili 1521 pande mbili zikakubaliana kuweka silaha chini kwa miaka 4.

Katika vita hivyo askari wa Albrecht waliuchoma mji wa Frauenburg. Kanoni mmoja wa kanisa kuu la hapo alikuwa Nicolaus Copernicus, yuleyule aliyeiondoa dunia katikati ya ulimwengu na kuliweka jua mahali pake. Wakati huo kazi yake ilikuwa kusimamia ngome ya Allenstein. Akaijaza akiba, akapanga ulinzi, na shambulio la Wateutoni mwanzoni mwa 1521 likashindwa. Mtu aliyeweza kuisogeza dunia, kikosi cha Albrecht kilikuwa kitu gani kwake?

Miaka 20 ikapita. Mwaka 1541 mshauri wa mtemi, Georg von Kunheim, aliugua sana. Copernicus alikuwa pia tabibu, na Albrecht akamwandikia kumwomba aje. Mzee wa miaka 68 akafunga safari hadi Königsberg, makao ya mtemi, akamhudumia mgonjwa wa mtu aliyeuchoma mji wake. Nawaheshimu wote wawili kwa hili, aliyethubutu kuomba na aliyekubali kwenda. Miaka 14 baadaye mtoto wa mgonjwa huyo akamwoa Margarethe, binti wa Luther. Ulimwengu wao ulikuwa kijiji, na kila mtu alikuwa shemeji wa mtu.

7. Tabasamu la Wittenberg

Mwaka 1522 Albrecht alikwenda Nürnberg kuwaomba wakuu wa Ujerumani msaada dhidi ya Poland. Askari hakupata, akapata mahubiri. Mhubiri aliitwa Andreas Osiander, na maneno yake yalimwingia. Mwaka uliofuata Albrecht akamtuma mshauri wake kwa siri kwenda kwa Luther na kitabu cha kanuni za Shirika, aulize zitengenezwe vipi. Mwishoni mwa Novemba 1523 akafika Wittenberg mwenyewe.

Luther hakumzungusha. Alimwambia kanuni hizo azitupe, aoe, na Prussia aifanye utemi wake. Kwa jinsi Luther alivyosimulia baadaye katika barua, Albrecht alitabasamu tu, asijibu neno.

Watu wamebishana juu ya tabasamu hilo kwa karne tano. Wapo wasemao tamaa ya ardhi ndiyo iliyomvika Ulutheri, na wapo wasemao ilikuwa imani tupu. Mimi nasema mwenye tamaa peke yake asingeushikilia Ulutheri kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata, hadi kifo chake, na mwenye imani peke yake angejibu palepale. Ndani ya tabasamu lile mlikuwa na sala na mlikuwa na hesabu, na sioni kwa nini kimoja kikifute kingine.

Osiander, kwa fadhila zake, alikaribishwa Königsberg mwaka 1549, akazua mabishano ya mafundisho yaliyoipasua nchi. Yeye alifariki 1552, ugomvi ukabaki. Mkwewe Johann Funck, aliyekuwa mhubiri wa mtemi, alikatwa kichwa mwaka 1566 baada ya mabwana wa nchi kumgeuka, na Albrecht mzee hakuwa na nguvu za kumwokoa. Mwenye kumleta mwalimu nyumbani ajue mwalimu huja na maswali yake.

6. Askofu aliyetangulia

Albrecht alipokuwa bado anatabasamu, Georg von Polentz, Askofu wa Samland, alipanda mimbari ya kanisa kuu la Königsberg siku ya Krismasi ya 1523 na kuhubiri mafundisho ya Luther waziwazi. Alikuwa askofu wa kwanza wa Kikatoliki kufanya hivyo. Mkuu wa Shirika, mwenye farasi na panga zote, alikuwa angali njiani akipiga hesabu. Mwenye fimbo ya uchungaji akafika kabla yake!

5. Harusi

Julai 1, 1526, yule aliyeapa useja alimwoa Dorothea, binti wa Frederick I wa Denmark. Walizaa watoto sita, na ni mmoja tu, Anna Sophia, aliyefikia utu uzima. Dorothea alifariki mwaka 1547. Albrecht akaoa tena mwaka 1550, safari hii Anna Maria wa Braunschweig, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 40. Maktaba yao ilikuwa na vitabu 20 vilivyojaladiwa kwa fedha safi, na kwa hilo nadhiri ya ufukara ilizikwa rasmi.

Machi 20, 1568, tauni ikiwa imeenea, Albrecht alifariki katika ngome ya Tapiau. Anna Maria alifariki siku hiyohiyo, katika ngome nyingine, Neuhausen.

4. Mwigaji wa Livonia

Kaskazini zaidi, katika nchi ambazo leo ni Latvia na Estonia, kulikuwa na tawi la Shirika lililoitwa la Livonia. Mkuu wake wa mwisho, Gotthard Kettler, aliusoma mchezo wa Albrecht, na Ivan wa Nne wa Moscow alipoivamia nchi yake akauchezea palepale ulipoishia. Novemba 1561, huko Vilnius, alijiweka chini ya mfalme wa Poland, naye akafanywa mtemi wa Courland. Mfalme huyo alikuwa Sigismund II August, mtoto wa yule mjomba. Kisha Kettler naye akaoa, na mke aliyempata, Anna wa Mecklenburg, alikuwa wifi wa Anna Sophia, binti wa Albrecht. Hata kwenye kuoa aliiga!

Sasa hesabu ya ukoo inanoga. Jacob Kettler, aliyeitawala Courland katikati ya karne ya 17, alikuwa mjukuu wa Gotthard kwa upande wa baba na kitukuu cha Albrecht kwa upande wa mama. Mtu mmoja, damu ya wakuu wawili wa watawa waseja. Na huyu Jacob ndiye aliyetuma meli zake Afrika Magharibi na mwaka 1651 akajenga ngome katika kisiwa kidogo cha mto Gambia. Waingereza wakakitwaa miaka kumi baadaye na kukiita James, kikawa kituo cha biashara ya watumwa. Tangu mwaka 2011 kinaitwa Kunta Kinteh. Anayedhani habari za watawa wa Baltiki hazikuigusa Afrika, ashuke kwenye boti mtoni Gambia ayaone mawe.

3. Siku ya kuinama Kraków

Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Albrecht alikataa kuinama kwa miaka 14, na alipoinama, alitoka mvunguni na nchi nzima.

Mapatano ya kusimamisha vita yalikuwa yanakwisha. Shirika halikuwa na fedha, Kaisari Karl V alikuwa na vita vyake na Ufaransa, na ndani ya Prussia kwenyewe ndugu wengi walikuwa wameshavua majoho. Aprili 8, 1525 mkataba ukatiwa sahihi, na siku mbili baadaye, katika uwanja mkuu wa soko wa Kraków, Albrecht alipiga magoti mbele ya mjomba wake mbele ya umati. Alipanda pale akiwa na haki ya Shirika, akashuka akiwa mtemi wa kurithisha. Sigismund alimkabidhi bendera nyeupe yenye tai mweusi. Kifuani mwa tai palikuwa na herufi S, ya Sigismund, ili kila mwenye kuitazama ajue tai huyo anakula kwa nani.

Jambo la kutazama hapo ni ujasiri wa mjomba. Sigismund alikuwa Mkatoliki wa kweli, na nchini kwake aliyakataza maandishi ya Luther. Lakini alimpokea mtawala wa kwanza wa Kilutheri kama kibaraka wake, akijua Papa na Kaisari watafura. Alikuwa amechoka na vita vya karne mbili na Wateutoni, na mpwa Mlutheri aliyeapa alikuwa na faida kwake kuliko mtawa Mkatoliki asiyeapa. Mwaka 1532 Karl V alimtangaza Albrecht kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria katika dola yake. Hukumu ilitoka, mtekelezaji hakutokea. Shirika lenyewe halikufa: lilihamishia makao Mergentheim, kusini mwa Ujerumani, na leo, likiwa shirika la kidini tu lisilo na upanga, lina makao yake Vienna.

Kama Sigismund alikosea, alikosea kwa kitu ambacho jicho la mwaka 1525 lisingekiona. Mwana wa Albrecht kwa ndoa ya pili aliugua akili na hakuacha mrithi wa kiume, na mwaka 1618 utemi ukaangukia kwa Wahohenzollern wa Brandenburg. Mwaka 1701 mmoja wao akajivika taji la ufalme palepale Königsberg. Mwaka 1772 wajukuu wa aliyepiga magoti walianza kuimega Poland pamoja na Urusi na Austria, na kufikia 1795 Poland haikuwapo kwenye ramani. Ndiyo maana Jan Matejko, Mpolandi asiye na nchi, alipoichora siku ile ya Kraków katika picha aliyoimaliza mwaka 1882, yenye upana wa karibu mita 8, alimweka Stańczyk, mchekeshaji wa mfalme, amekaa na uso wa wasiwasi wakati wengine wanasherehekea.

Na tusidhani sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa watazamaji. Februari 27, 1885, aliyetia sahihi hati ya kuziweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya ulinzi wa Ujerumani, kwa mikataba ya ujanja ya Carl Peters, alikuwa Wilhelm I, Kaisari wa Ujerumani na mfalme wa Prussia. Ufalme wa Prussia ulipata jina lake kutoka ule utemi wa soko la Kraków. Tai wa mjomba alifika Bagamoyo.

2. Wakulima waliomwamini

Hapa sicheki. Septemba 1525, miezi mitano tu baada ya Kraków, wakulima wa Samland, jirani na Königsberg, waliinuka. Kiongozi wao mmoja alikuwa msagaji nafaka wa kijiji cha Kaymen. Walikuwa Wajerumani na Waprusi kwa pamoja, na walidai kile walichokisikia kikihubiriwa: kama Injili inawafanya watu wote ndugu, basi kazi za lazima na kodi za mabwana zina msingi gani? Hawakumpinga Albrecht. Walisema watamtii mtemi peke yake, ila makabaila hawawataki.

Mtemi alikuwa safarini. Wakulima wakakubali kusimama na kumngoja, kwa kuwa waliamini yeye ataamua kwa haki. Aliporudi alikuja na askari. Wakulima walikusanywa, wakanyang'anywa silaha, na viongozi wao wakauawa.

Albrecht aliivunja nadhiri aliyoiapa mbele ya Mungu kwa kusema dhamiri yake imefunguliwa. Wakulima wakaomba wafunguliwe kongwa lililowekwa na watu tu, akawapa panga. Aliwahitaji makabaila, maana wengi wao walikuwa wale ndugu wa zamani wa Shirika waliogeuka wenye mashamba pamoja naye, na kodi ya nchi ilipita mikononi mwao. Sababu naielewa. Kumsamehe siwezi. Katika miaka iliyofuata hali ya mkulima wa Prussia ilizidi kuwa ngumu, na dini mpya ilimkuta bado shambani mwa bwana yuleyule, aliyebadili nguo.

1. Vitabu kwa lugha ndogo

Na mtu huyohuyo ndiye aliyefanya hili, ndiyo maana simwachi.

Mwaka 1544 alianzisha chuo kikuu Königsberg, ambacho baadaye kingemsomesha Immanuel Kant na kumwajiri. Papa na Kaisari hawakukipa hati, ikabidi hati itoke kwa mfalme wa Poland mwaka 1560. Abraomas Kulvietis na Stanislovas Rapolionis, wasomi wa Kilithuania waliobanwa kwao kwa imani yao, walipata viti vya ualimu hapo. Mwaka 1547 Martynas Mažvydas alichapisha Königsberg katekisimu ambayo ndiyo kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa Kilithuania. Kati ya 1551 na 1553 Agano Jipya la Kipolandi, tafsiri ya Stanisław Murzynowski, lilitoka katika mji huohuo. Mji mmoja wa bandari, lugha tatu nne, na mtemi aliyetoa fedha. Vita na mjomba vilimmalizia hazina. Vitabu vilimpa jina.

Lakini kinachokipandisha kipengele hiki juu ya vyote ni Waprusi. Hawa ndio wenye nchi, watu wa lugha ya Kibaltiki, jamaa ya Kilithuania na Kilatvia. Shirika liliwashinda katika karne ya 13, likachukua ardhi yao, kisha washindi wakajiita kwa jina la walioshindwa. Kwa miaka karibu 300 ya utawala wa Wateutoni hakuna aliyewapigia chapa hata ukurasa mmoja wa sala. Makanisani mchungaji alihubiri Kijerumani na mkalimani akasimama chini ya mimbari kuwafikishia Waprusi maneno. Kila aliyewahi kukaa ibadani akisikiliza mahubiri kwa kupitia mkalimani anajua ni mangapi hudondoka njiani.

Mwaka 1545 katekisimu mbili za Kiprusi zilitoka. Ya pili ilisahihisha ya kwanza, na jina lake lenyewe lilikiri hivyo. Kisha kwa agizo la Albrecht, Abel Will, mchungaji wa Pobethen, alitafsiri kitabu kikubwa zaidi, kilichotoka mwaka 1561. Will alikuwa Mjerumani. Ufasaha aliupata kwa Paul Megott, Mprusi wa parokia yake, aliyekaa naye sentensi kwa sentensi. Kwangu mimi Megott anastahili sanamu kabla ya mtemi.

Kitabu hicho kilikuwa Katekisimu Ndogo ya Luther, pamoja na taratibu za ubatizo na ndoa. Vijana wa kipaimara wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanaifahamu, maana ndiyo wanayoikariri kwa Kiswahili hadi leo: amri kumi, imani, Sala ya Bwana, na lile swali linalorudi baada ya kila fungu, maana yake ni nini. Mprusi wa Samland aliulizwa swali hilohilo kwa lugha ya mama yake mwaka 1561.

Kiprusi kilizimika mwanzoni mwa karne ya 18, kwa kumezwa na Kijerumani na kwa tauni kubwa ya 1709 hadi 1711. Dola ya Prussia nayo ilifutwa rasmi Februari 1947 na mataifa yaliyoishinda Ujerumani, na Königsberg leo ni Kaliningrad, mji wa Urusi. Leo wapo watu wachache, hasa Poland, Lithuania na Kaliningrad, wanaojifunza Kiprusi upya na kuwafundisha watoto wao. Wanaanzia kwenye kitabu cha Will na Megott, kwa sababu hakuna maandishi marefu kuliko hayo yaliyobaki katika lugha hiyo.